Samaki wadogo wa mtoni na takwimu zisizolingana: anzia kwenye ndoo kabla ya kuulaumu mto

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesimama kando ya mto akiwa na ndoo ya samaki wa urefu wa kidole, fomu ya kujaza, na ahadi ya kurudi hapo tena msimu ujao. Samaki wenyewe ni wale wembamba wenye rangi ya fedha wanaojaa kwenye vijito na mito ya Afrika Mashariki, kuanzia Malewa na Nzoia hadi Pangani na Ruvu. Watu wengi huwaita dagaa tu, kama anavyoitwa karibu kila samaki mdogo. Kitaalamu wapo kwenye jenasi Enteromius, katika familia ya Cyprinidae, aliko pia ningu.

Takwimu zikipinda, kidole cha kwanza huelekezwa mtoni: maji yamechafuka, samaki wamekwisha. Mara nyingi tatizo lilianza kabla ya hapo, kwenye ndoo, kwenye wavu au kwenye fomu. Ndiyo maana dalili zilizo hapa chini zinaanza na samaki aliye mkononi, na mto unakuja mwishoni.

Dalili: huna uhakika kama huyu ni Enteromius hata kidogo

Usianze na rangi. Anza na mapezi. Enteromius ana pezi moja fupi la mgongo, lipo karibu na katikati ya mwili, na mkia wake umegawanyika kama mkasi. Hana kijipezi cha nyama kati ya pezi la mgongo na mkia. Taya zake hazina meno kabisa, kwa sababu meno ya familia hii yako kooni. Mara nyingi ana masharubu mafupi kwenye kona za mdomo, jozi moja au mbili.

Sasa angalia wanaomfanana.

Ukiona kijipezi kidogo cha nyama karibu na mkia, na mdomo una meno, huyo ni wa familia ya Alestidae, mfano Brycinus. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokubali, kwa sababu wote wana rangi ya fedha na huogelea pamoja. Kijipezi hicho hulala mwilini samaki akitolewa majini, kwa hiyo mtazame akiwa ndani ya maji au kisogeze kwa ncha ya sindano.

Ukiona mkia wa mviringo, mdomo ulioelekea juu na pezi la mgongo lililosogea nyuma, umeshika gapi au Gambusia. Wote wawili wametoka Amerika, na mmoja wao au wote waliletwa sehemu nyingi kula viluwiluwi vya mbu. Dume utamjua kwa pezi la chini lililogeuka kuwa kijiti chembamba. Waandike kwenye fomu kwa jina lao. Usiwatupe ukidhani ni takataka za ndoo, kwani tutawahitaji tukifika kwenye mto.

Vifaranga vya perege, au ngege kwa wa upande wa ziwa, huchanganya watu wanaohesabu haraka. Hao wana pezi refu la mgongo lenye miiba mbele, tundu moja tu la pua kila upande, na mstari wa pembeni, yaani safu ya vitundu ubavuni, uliokatika vipande viwili. Wengi pia wana doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongo. Ukiweza kuhesabu miiba kwa kidole, si Enteromius.

Anayesumbua kweli ni mtoto wa ndugu yake mkubwa. Labeobarbus wakubwa wa mtoni huanza maisha wakiwa na urefu uleule wa kidole, na wengi huwa na mabaka meusi ubavuni ambayo hupotea wakikua. Mtu huona mabaka, hufungua kitabu, na kuandika jina la Enteromius mwenye madoa. Kipimo kizuri ni gamba. Toa gamba moja juu ya mstari wa pembeni, chini ya pezi la mgongo, uliweke kwenye kioo chenye tone la maji na ulitazame kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Kwenye gamba la Enteromius, mistari midogo hutawanyika kutoka katikati kuelekea ukingoni kama miale. Kwenye gamba la Labeobarbus mistari hiyo hukimbia sambamba. Kazi hii inachukua dakika moja na inamaliza ubishi ambao picha kumi haziwezi kuumaliza.

Watoto wa ningu na wa Garra ni rahisi zaidi: mgeuze samaki. Mdomo ulio chini ya kichwa, wenye midomo minene, ni wa Labeo, yaani jenasi ya ningu. Ukiwa na kama sahani ndogo ya kunatia mawe nyuma ya mdomo, ni Garra.

Kwa samaki wa chini ya sentimita mbili, ushauri wangu ni kuandika jenasi na kuacha hapo. Jina la spishi la kubahatisha huonekana limekamilika kwenye fomu, na ndiyo hatari yake.

Dalili: ni Enteromius, lakini sifa zake hazilingani na spishi yoyote kwenye ufunguo (orodha ya maswali ya kutambulia spishi)

Kuna sifa tatu ambazo hukupeleka mbali kwa haraka.

Ya kwanza ni mwale mgumu wa pezi la mgongo. Enteromius paludinosus, ambaye mtaalamu wa wanyama Peters alimwelezea mwaka 1852 na ambaye ameenea mno katika mabwawa na mito ya taratibu, ana mwale mgumu wenye meno ya msumeno upande wa nyuma. Pitisha ncha ya sindano kutoka juu kwenda chini nyuma ya mwale huo na utaisikia ikikwama. Kwa macho matupu meno hayo hayaonekani vizuri kwa samaki wadogo, na watu wengi huandika "laini" kwa kuwa hawakutumia sindano.

Ya pili ni mstari wa pembeni. Kwa wengi unafika mkiani. Kwa Enteromius apleurogramma unaishia mapema, vitundu vichache tu nyuma ya kichwa. Mkaushe samaki kidogo kwa karatasi kisha umwelekeze kwenye mwanga wa pembeni, na vitundu vitajitokeza.

Ya tatu ni doa la rangi ya chungwa au jekundu kwenye kifuniko cha matamvua la Enteromius kerstenii, spishi ambayo Peters aliielezea mwaka 1868. Doa hili ni zuri, linavutia, na ndilo linaloponza. Samaki akikaa kwenye formalini au pombe, rangi huondoka. Ukimtambua spishi hii ofisini kutoka kwenye chupa bila kuwa umeandika rangi mtoni, umepoteza ushahidi wako bora. Samaki mwenye hofu ndani ya ndoo nyeupe pia hupauka baada ya dakika chache. Kwa hiyo rangi iandikwe na kupigwa picha kwanza, vipimo vifuate.

Kama masharubu hayaonekani, usiandike "hana" mpaka umetazama kwa lenzi pembe zote za mdomo. Masharubu huvunjika kwenye wavu, na kwa samaki wachanga huwa mafupi kiasi cha kufichwa na mkunjo wa ngozi. Yalinganishe pia na kipenyo cha jicho, kwa sababu funguo nyingi huuliza hivyo.

Baada ya hayo yote bado unaweza kubaki na samaki asiyeingia popote. Si lazima umekosea. Utafiti wa vinasaba wa Enteromius wa Kenya uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ndani ya majina tunayoyatumia kuna utofauti ambao haujapewa majina, na kwamba baadhi ya makundi yamebadilishana vinasaba. Samaki wa mito miwili wenye jina moja kitabuni wanaweza kuwa wametengana muda mrefu. Katika hali hiyo mpe jina la muda linalotaja mto, kwa mfano "Enteromius cf. paludinosus, Malewa" ("cf." maana yake "linganisha na"), na ulitumie hilohilo kila mwaka. Kikosi kizima kikitumia jina la muda lisilobadilika, takwimu zitasomeka hata jina halisi likija baadaye.

Dalili: umbo la kichwa linatofautiana kati ya kijito na kinamasi

Kabla ya kutangaza spishi mbili, uliza kuhusu oksijeni. Huko Kibale, magharibi mwa Uganda, Enteromius neumayeri wanaoishi kwenye vinamasi vya mafunjo vyenye oksijeni kidogo wana matamvua makubwa kuliko wenzao wa vijito vyenye maji yanayokwenda kasi. Matamvua makubwa yanahitaji nafasi, na kichwa hubadilika kidogo. Spishi ni moja, maji ndiyo tofauti. Ukichukua vipimo vya kichwa, chukua pia oksijeni ya mahali hapo, asubuhi mapema ikiwezekana, kwa kuwa ndipo inapokuwa chini zaidi kwenye maji yaliyotuama.

Dalili: matumbo yamejaa kuliko inavyotarajiwa, hata nje ya msimu wa mvua

Wengi huandika "majike wenye mayai" na kuendelea. Pasua wachache kwanza, wale waliokwisha kufa kwenye wavu. Ukikuta utepe mweupe uliojikunja tumboni, mara nyingine mrefu kuliko samaki mwenyewe, hilo ni buu la mnyoo Ligula intestinalis. Limewahi kuonekana kwa Enteromius paludinosus wa Ziwa Naivasha. Mnyoo huyu huanza ndani ya vidudu wadogo wa majini aina ya kopepoda, samaki huwala, kisha ndege wala samaki kama mnandi humla samaki na kuumaliza mzunguko.

Kwa mfuatiliaji, Ligula ina madhara mawili. Kwanza, huzuia ovari na korodani kukua, kwa hiyo samaki uliyemhesabu kama mzazi hatazaa chochote. Pili, samaki aliyeambukizwa huelekea kuogelea juujuu na kando, mahali ambapo wavu wako wa mkono unafika kwa urahisi. Sampuli yako basi itakuwa na wagonjwa wengi kuliko walivyo mtoni. Ukikuta kiwango kikubwa, rudia kwa zana inayofika katikati na chini kabla ya kuandika asilimia yoyote.

Madoa meusi yaliyoinuka kidogo, kama mbegu za ufuta zilizotawanyika kwenye ngozi na mapezi, mara nyingi ni vimelea wengine: mabuu ya minyoo bapa waliozungukwa na rangi nyeusi ya samaki mwenyewe. Wanatokea kwa konokono, na kuwepo kwao hutangaza konokono na ndege. Tatizo la utambuzi ni kwamba madoa hayo huandikwa kama sifa ya spishi. Doa la spishi hukaa mahali palepale kwa samaki wote. La kimelea hukaa popote.

Na vipele vyeupe? Viguse. Vipele vigumu vilivyopangika kwenye pua na kichwa, vikiwa kwa baadhi tu, katika familia hii huweza kuwa alama ya madume walio tayari kuzaliana. Vilivyotawanyika kama chumvi mwili mzima hadi mapezini, vikiambatana na samaki kujisugua na kupumua haraka, ni ugonjwa.

Dalili: mwaka jana walikuwa mamia, leo hakuna hata mmoja

Hapa ndipo simu hupigwa na taarifa za kutisha huandikwa. Subiri.

Uliza tarehe. Wengi wa samaki hawa hufuata mafuriko: mvua za masika zikianza Machi, au vuli zikianza Oktoba, hupanda juu au kuingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji ili kuzaliana. Kituo kilichopimwa Februari maji yakiwa kwenye vidimbwi, kikapimwa tena Aprili mto ukiwa umejaa, hakilinganishwi. Wakati wa kiangazi samaki wa kilomita nzima hubanana kwenye vidimbwi vichache na wavu hujaa. Mto ukijaa samaki haohao hutawanyika, na maji ya tope huwaficha. Kupungua huko hakuna maana ya kifo. Linganisha Februari na Februari.

Uliza saa. Vituo vinavyopimwa asubuhi mwaka mmoja na jioni mwaka mwingine hutoa picha mbili.

Uliza macho ya wavu. Wavu wenye macho ya sentimita moja huwaachia karibu wadogo wote. Kwa kazi hii mimi sikubali zaidi ya milimita nne au tano, na kama wavu umebadilishwa, badiliko hilo liandikwe kwa herufi kubwa juu ya fomu. Tukiwa hapo: kokoro na vyandarua ni zana haramu kwa uvuvi wa kawaida Kenya na Tanzania, na afisa uvuvi hatajua kwamba wewe unahesabu tu. Tembea na barua. Kibali cha utafiti hutolewa na tume za taifa za sayansi, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, na ofisi ya uvuvi ya eneo ijulishwe kabla, si baada ya wavu kukamatwa.

Ukitumia kifaa cha umeme, uliza mkondo wa umeme unapitaje kwenye maji hayo. Kwenye vijito vya milimani vyenye chumvi kidogo sana umeme hausambai vizuri, na samaki wadogo hubaki pale walipo bila kuguswa. Kwenye maji yenye chumvi nyingi ya Bonde la Ufa umeme hupita kwenye maji na kumwacha samaki. Pima uwezo wa maji kupitisha umeme kila safari na urekebishe volti. Mashine iliyowekwa sawa kwa mto mmoja si sawa kwa mwingine. Bila mafunzo na kibali maalumu, usiiguse. Inaua watu.

Halafu fanya hesabu ya kukosa. Tuseme katika kituo ambacho spishi ipo, kila ziara ina nafasi ya asilimia 40 ya kumpata. Nafasi ya kumkosa mara moja ni 0.6. Kumkosa mara tatu mfululizo ni 0.6 × 0.6 × 0.6, yaani karibu asilimia 22. Ziara tatu tupu, na bado katika vituo vitano vya aina hiyo kimoja kitakudanganya. Ziara tano huishusha hadi karibu asilimia 8. Kwa hiyo neno la kuandika ni "hakuonekana", pamoja na idadi ya mitupo ya wavu au dakika za kazi. "Hayupo" ni neno la kutumiwa na aliyefanya hesabu hii.

Fomu yenye idadi ya samaki lakini haina juhudi, yaani hiyo mitupo au dakika, haiwezi kuokolewa na mtaalamu yeyote wa takwimu. Samaki 40 kwa mitupo 10 na samaki 40 kwa mitupo 30 ni mito miwili tofauti.

Dalili: mzunguko wa pili umetoa samaki wengi kuliko wa kwanza

Njia ya kupunguza kwa mizunguko ni rahisi: funga kipande cha mto kwa nyavu juu na chini, vua mara ya kwanza, weka samaki pembeni, vua tena kwa juhudi ileile. Kwa mizunguko miwili, makadirio ni mraba wa idadi ya kwanza ugawanywe kwa tofauti ya kwanza na ya pili. Ukipata 60 kisha 30, ni 3,600 kugawanya kwa 30, yaani samaki 120.

Ukipata 22 kisha 25, tofauti ni hasi na hesabu haina maana. Usilazimishe. Vyanzo vyake ni vichache na vinakaguliwa papo hapo. Wavu wa kuziba una tundu au haugusi chini, samaki wapya wanaingia. Pita na mkono chini ya risasi za wavu kwenye mawe yote. Au mzunguko wa kwanza ulitibua tope na kuwatoa samaki kwenye mizizi na matete. Au watu walizembea mara ya kwanza na kuchangamka mara ya pili, jambo ambalo hutokea sana kwenye maji baridi ya asubuhi. Au samaki ni wachache mno kiasi kwamba bahati ndiyo inaamua: 4 kisha 5 haisemi chochote. Fanya mzunguko wa tatu. Idadi zisiposhuka hata hapo, ripoti idadi kwa juhudi peke yake na uache makadirio.

Dalili: samaki wanazidi kuwa wafupi mwaka hadi mwaka

Habari hii hupendwa, kwa sababu ina hadithi ndani yake: uvuvi umezidi, chakula kimepungua. Tafuta kwanza ni nani alishika rula.

Kuna urefu wote, kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mkia. Kuna urefu hadi kwenye panda la mkia. Na kuna urefu wa kawaida wa kitaalamu, unaoishia pale uti wa mgongo unapokoma, kabla ya mapezi ya mkia. Samaki wa milimita 60 kwa urefu wote anaweza kuwa na 47 au 48 kwa urefu wa mwisho. Mfanyakazi mpya akija na mazoea ya chuo chake, kizazi kizima cha samaki kinapungua kwa karibu moja ya tano usiku mmoja. Ukishuku hivyo, tazama picha za miaka ya nyuma zenye rula, upime upya zote kwa njia moja.

Chanzo cha pili ni chupa. Samaki husinyaa kwenye pombe na formalini, kwa hiyo waliopimwa hai mwaka mmoja wasilinganishwe na waliopimwa kutoka kwenye chupa mwaka mwingine.

Cha tatu kina uhai ndani yake: kizazi kipya. Chora idadi ya samaki kwa kila milimita mbili. Ukiona vilima viwili, kimoja cha wadogo na kimoja cha wakubwa, wastani umeshuka kwa sababu watoto wamezaliwa. Hiyo ni habari njema iliyovaa nguo za msiba. Wastani peke yake haukuonyeshi hilo kamwe.

Dalili: spishi imekoma kwenye jedwali mwaka fulani, na nyingine imeanza mwaka uleule

Karibu kila mara ni jina. Vitabu vya zamani huwaita samaki hawa wote Barbus. Mwaka 2015 wataalamu walipendekeza wale wadogo wa Afrika wawekwe kwenye Enteromius, na baada ya hapo hifadhidata zilianza kubadilika moja baada ya nyingine, kila moja kwa kasi yake. Matokeo yake Barbus paludinosus "anakufa" na Enteromius paludinosus "anazaliwa". Weka safu mbili kwenye jedwali: jina lililoandikwa mtoni siku ile, lisiloguswa kamwe, na jina linalotumika sasa. Makosa ya tahajia, kama herufi i mbili za mwishoni mwa kerstenii kugeuka moja, nayo huzaa spishi hewa.

Dalili: samaki wanakufa kwenye ndoo

Oksijeni au joto, au vyote viwili. Ndoo nyeusi juani ni jiko. Tumia ndoo ya rangi hafifu chini ya kivuli, badilisha maji mara kwa mara, pampu ndogo ya hewa ya betri ikipatikana iwepo, na pima kundi moja kabla ya kuvua jingine. Lowesha mikono na rula, maana mkono mkavu huondoa ute unaomkinga samaki. Mafuta ya karafuu huwatuliza vizuri, lakini hayachanganyiki na maji: yayeyushe kwanza kwenye pombe, jaribu kwa samaki wawili, kisha waamshe kwenye maji safi mpaka waogelee wima ndipo uwaachie.

Wale wachache wa kuhifadhi kama ushahidi, kata kipande cha pezi ukiweke kwenye pombe ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba kabla mwili haujaingia formalini, kwa sababu formalini huviharibu. Mwili ukae kwenye formalini ya asilimia 10, baadaye uhamishiwe pombe ya asilimia 70. Formalini ni sumu kwa pua, macho na ngozi. Glavu, na hewa ya kutosha.

Lebo iwekwe ndani ya chupa, imeandikwa kwa penseli. Wino huoshwa na pombe, na lebo ya nje hubanduka njiani.

Dalili: umekagua yote, na bado wanapungua

Sasa ni haki kuutazama mto.

Ulinganishe kwanza na kituo kingine kwenye mto uleule, au mto jirani wenye mvua ileile. Kama vyote vimeshuka pamoja, fikiria hali ya hewa ya mwaka huo. Kama kimoja tu kimeshuka, tembea kwa miguu kwenda juu ya kituo hicho na uandike kila unachokuta.

Mashine za kusukuma maji ya umwagiliaji hunyonya mto wakati wa kiangazi, pale samaki wamebanana kwenye vidimbwi. Pampu isiyo na chujio humeza wadogo moja kwa moja. Uchimbaji mchanga huacha mashimo na tope linaloziba nafasi kati ya mawe. Ukuta mdogo wa kukinga maji, hata wa urefu wa goti, unaweza kuwazuia wanaopanda kuzaliana: tafuta samaki waliojikusanya chini yake mvua za kwanza zikianza. Ukiwakuta wamejazana chini na juu hakuna mtu, umepata jibu ambalo vipimo vya maji visingekupa.

Angalia wageni. Kama kwenye fomu zako za nyuma gapi walikuwa wawili watatu na sasa wanajaza kingo, kuna jambo. Ndiyo maana nilisema wasitupwe. Naivasha ni mfano mzuri wa jinsi samaki wa kigeni wanavyoweza kulibadilisha eneo haraka: kapi wa kawaida, Cyprinus carpio, alianza kuonekana humo mwaka 2001, na baada ya miaka michache alikuwa ndiye anayeongoza kwenye nyavu za wavuvi.

Jihadhari na spishi inayoongezeka. Enteromius paludinosus huvumilia hali nyingi na hupenda maji ya taratibu yenye majani. Akiongezeka kwenye kituo kilichokuwa na mawe na maji ya kasi, wakati wapenda mkondo wanapotea, jumla ya samaki inaweza kubaki palepale huku mto ukiwa umegeuka kuwa mfululizo wa madimbwi. Ripoti inayotoa jumla pekee itasema mambo ni shwari. Toa kila spishi peke yake.

Kuhusu vinasaba vya kwenye maji, njia ya kuchuja lita chache na kutafuta vipande vya DNA: ni nzuri kwa spishi adimu, lakini mkondo hubeba vipande hivyo kutoka juu, kwa hiyo jibu la "yupo" ni la bonde, si la kidimbwi ulichosimama. Na kama spishi yako haijawahi kuwekwa kwenye maktaba ya kulinganishia, mashine haitaitaja hata ikiwa imejaa mtoni. Vile vipande vya mapezi ulivyohifadhi kwenye pombe ndivyo vinavyojaza pengo hilo.

Ukishapata chanzo, peleka taarifa kwa wenye mamlaka ya maji wa eneo lenyewe: jumuiya ya watumia maji kwanza, kisha ofisi ya bonde kwa Tanzania au Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa Kenya. Ambatanisha fomu za miaka yote, zenye juhudi, tarehe, aina ya urefu na ukubwa wa macho ya wavu. Swali la kwanza utakaloulizwa ni kama mlivua kwa njia ileile, na ukurasa wenye jibu hilo uwe juu kabisa.